Mutula wa ghorofa ya tatu: plamu mwitu iliyodhoofu kwenye udongo mzuri

Simu ilikuja Jumatatu ya mwisho wa Juni, moja ya zile siku ambazo Nairobi huamka bila jua na kulala bila jua. "Kijana wangu, mti wangu unaniaga," Mwalimu alisema, hata salamu hazijaisha. Ni mwalimu mstaafu, anakaa South B ghorofa ya tatu. Aprili nilikuwa nimepita kwake kumsafishia vyungu: mishubiri miwili, mti wa mpira mmoja, na ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mche alionionyesha jinsi mtu anavyoonyesha mjukuu.

Mche huo ndio kisa chenyewe. Nakiandika chote, pamoja na sehemu inayoniaibisha, maana ukiitoa hiyo hakuna kinachobaki cha kueleza.

Mwalimu huuita mutula, kwa Kikamba. Kiswahili chake ni mtundakula, na Wamaasai husema olamai. Ila mwanawe alipoutafuta kwenye intaneti alipata "plamu mwitu", na balaa ya kwanza ikaanzia hapo, kwa sababu plamu mwitu ziko nyingi na hazina hata udugu wa kuazimana chumvi. Kuna zile za Ulaya na Marekani, za ukoo wa Prunus, jamaa wa plamu nyekundu tunazonunua kwa ndoo ndogo kando ya barabara huko Limuru. Kuna ya Afrika Kusini, Harpephyllum caffrum, ambayo ni ya ukoo wa mwembe. Halafu kamusi nazo zikikutana na plamu husema "zambarau", tunda la mti uliotoka upande wa India. Mutula si yeyote kati ya hao. Ni Ximenia americana, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1753, na pamoja na hilo neno la pili, kwa Afrika yeye ni mwenyeji kabisa. Ni kichaka cha miiba cha mita mbili tatu, kikipata nafasi hufika saba. Tunda lake ni la njano au rangi ya chungwa, lina urefu wa sentimita tatu hivi, chachu ya kukunja uso, na ndani kuna kokwa moja kubwa lililojaa mafuta.

Mama yake Mwalimu, ambaye nyumba nzima humwita Susu, alimtumia matunda matano kutoka Kibwezi. Waliyala, wakabaki na makokwa. Maelekezo ya plamu mwitu waliyoyapata yalisema kokwa lifungwe kwenye karatasi yenye unyevu likae friji miezi miwili mitatu. Kwa Prunus huo ni ushauri mzuri, kwani mbegu zake zimezoea nchi za theluji na hazishtuki mpaka baridi ipite. Mbegu ya mutula haina subira hiyo. Inataka udongo ingali mbichi, na kila wiki unayoichelewesha inapoteza uhai. Makokwa matatu yaliingia friji, yakatoka na ukungu. Mawili Mwalimu alikuwa ameyachomeka siku ile ile ya kula, kwa mazoea ya kijijini tu, ndani ya ndoo iliyokuwa na mndimu uliokufa. Ndoo ilikuwa kwenye pembe ya roshani, imejiotea mukengeria, lile gugu la kutambaa, mpaka unaning'inia nje. Moja likaota baada ya wiki sita hivi.

Ndoo ile chafu naomba uikumbuke.

Nilipofika Aprili mche ulikuwa na miezi kumi, sentimita 28, majani ya kijani iliyokolea yenye mkunjo kidogo katikati kama kitabu kilichoachwa wazi, na mwiba mmoja mmoja kwenye kikonyo. Nilivunja ncha ya kijiti nikanusa: harufu ya lozi chungu. Afya njema. Kilichonikera ni magugu. Mukengeria ulikuwa umefunika udongo wote, na nyasi mbili tatu zimepenya. Mimi nimefundishwa kazi hii na wazee wa vitalu vya kando ya Ngong Road, na somo la kwanza kwao ni kwamba chungu kina mwenyewe mmoja. Nikapiga magoti, nikang'oa kila kitu, nikachokora vipande vya mizizi kwa uma wa zamani. Nikaongeza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikapangusa ndoo nje. Ilibaki safi kama sahani ya mgeni. Mwalimu alifurahi akasema sasa mti unaweza kuingia sebuleni wageni wauone, nami nikaubeba mwenyewe nikauweka kando ya televisheni. Akanilipa 1,500.

Kwa siku moja, basi, niliubadilishia mti vitu viwili, mwanga na majirani. Ukitaka kujitafutia taabu ya kutojua kosa liko wapi, fanya hivyo.

Juni niliukuta na majani kumi na manne. Yote yalikuwa yamepauka, ya chini na ya juu, sawasawa, hata mishipa. Yale machache yaliyotoka baada ya Aprili hayakuzidi punje ya hindi. Urefu ulikuwa sentimita 31, yaani tatu tu kwa zaidi ya miezi miwili, na hizo tatu ni kijiti chembamba kilichoinamia dirishani kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Ncha za majani zilikuwa zimeungua. Kuungua huko kulikuwa na maelezo: Mwalimu, kwa uchungu, alikuwa ameupa kijiko kizima cha CAN, mbolea ya dukani ya naitrojeni.

Nilianza na maji kwa sababu ndiyo huua mimea mingi ya ndani kuliko kitu kingine chochote hapa mjini. Nilichomeka kidole, nikainusa ndoo chini kwenye matundu. Unyevu wa kawaida, hakuna harufu ya mtaro. Lakini maji gani? Jengo lao lina kisima cha kuchimbwa, na mgao wa kaunti ukikatika, mifereji hutoa maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi na magadi, na yakimwagiwa mmea miezi na miezi udongo unapanda uchungu wa magadi mpaka chuma kinafungika humo humo, mmea ukiona na usiweze kula. Karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi, iliniambia 8.5 kwa maji ya mfereji wa siku ile. Nilikaribia kufunga faili hapo. Kilichonizuia ni majani yenyewe. Mmea uliokosa chuma hupauka majani mapya kwanza, na mishipa hubaki kijani kama ramani ya mito. Huu ulikuwa umepauka wote, mpaka mishipa. Nilimwambia Mwalimu awe anakinga maji ya mvua au ya mgao kwa ajili ya ndoo hiyo, lakini sikuamini kwamba ndiyo dawa.

Samadi ilikuwemo, CAN imewekwa, na bado mti ulikuwa na sura ya njaa. Hapo ningesimama nifikiri, sikusimama. Nilikimbilia mwanga.

Na mwanga kweli ulikuwa na hatia. Nilitoa simu yenye programu ya kupima: kando ya televisheni luksi 190. Kwenye roshani saa sita mchana, chini ya wingu lile lile, 6,000. Juu kabisa kwenye paa la kuanikia nguo, 38,000. Macho yetu hudanganya, sebule ile wewe ungeiona ina mwanga wa kutosha kusoma gazeti, ila mti wa nyika ya Kibwezi humo ni kama umefungiwa kabatini.

Hapa niseme jambo moja kuhusu nyumba za Nairobi, maana watu husoma ushauri wa "weka dirisha la kusini" ulioandikwa na mtu wa London wakaharibikiwa. Sisi tuko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hapa liko utosini, na lililo utosini haliingii dirishani. Mwezi Juni huwa limeegemea kaskazini kwa digrii 25 hivi kutoka utosini, Desemba limeegemea kusini kwa digrii 22. Roshani ya Mwalimu inatazama kusini, na juu yake kuna roshani ya ghorofa ya nne. Kuanzia Aprili hadi Agosti haioni jua la moja kwa moja hata la dawa. Desemba jua huingia, lakini linafika taili za mwisho kabla ya kizingiti, halivuki kuja sebuleni. Ongezea mawingu ya Julai. Dirisha la mashariki au la magharibi lingesaidia, kwa kuwa hapo jua huja likiwa chini. Sebule hii haina.

Tukaubeba juu kwenye paa Julai 2, kwanza nyuma ya tangi kwenye kivuli, halafu wazi baada ya siku kumi ili usiungue. Nikamwambia Mwalimu asubiri mwezi.

Mwezi ulipoisha kijiti kilikuwa kimekakamaa na kuacha kuinama. Rangi ilikuwa ile ile. Jani jipya hakuna. Mwanga umeongezeka mara mia mbili na mti umesimama pale pale, kama gari lililowekwa mafuta lakini halina betri.

Jioni hiyo Mwalimu alikuwa amempigia mama yake kumpa habari za mgonjwa. Aliniambia huku anacheka kwamba Susu hakuuliza habari ya mbolea wala maji. Aliuliza, "Kwani uko peke yake humo?" Kule kwao mutula hukaa kwenye ua, umejibana katikati ya vichaka vingine, wala hakuna aliyewahi kuuona kwenye uwanja uliofyekwa.

Nikasikia joto masikioni. Kwa sababu tabia hiyo naijua. Naijua kwa msandali wetu, ule ambao uvunaji wake porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 2007. Kila anayejaribu kuupanda huambiwa mapema autafutie mti wa kukaa nao, la sivyo unadumaa. Msandali ni nusu-kimelea: una majani ya kijani na unajitengenezea sukari, ila maji na chumvichumvi za ardhini hupenda kuzichukua kwenye mizizi ya jirani. Mutula na msandali ni wa jamii moja kubwa ya mimea. Nilikuwa nimeinusa ile lozi chungu, nikalitambua jina la kisayansi, na bado nikaushughulikia kama mche wa parachichi.

Nikageuza ndoo.

Udongo ulitoka mzima mzima, nikauweka kwenye gunia nikaanza kuulegeza kwa maji na kijiti cha meno. Mizizi ya mutula ni ya rangi ya kahawia hafifu, na si mingi. Kando kando yake nikaona vivimbe vyeupe-njano, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, vingine vidogo zaidi, bapa upande mmoja. Vilikuwa vimeng'ang'ania vitu. Nilikivuta kimoja kwa kibano: kilikuwa kimekumbatia kipande cha mzizi mweusi uliooza, mzizi wa mukengeria, kama kupe aliyebaki kwenye sikio la ng'ombe aliyekufa zamani. Nilihesabu kumi na saba. Vingine viwili vilikuwa vimeshika mzizi wa mutula wenyewe. Mti ulikuwa umetafuta jirani, ukamkosa, ukajishika wenyewe.

Hivyo vivimbe ndivyo vinyonyeo. Mzizi wa mutula ukigusa mzizi wa mmea mwingine, hujenga kidude kama hicho, kikatoboa ganda mpaka kwenye mishipa ya maji ya jirani, kikaunga bomba. Mche mchanga huishi miezi ya kwanza kwa akiba ya kokwa, ambalo kwa hilo ni tajiri, na wakati akiba inapungua huwa tayari umeshaunga mabomba. Huu wa South B ulikuwa nayo kumi na saba. Aprili mimi nikaja na uma nikayakata yote.

Ndiyo maana samadi haikufua dafu. Chakula kilikuwa mezani na mlaji amezoea kulishwa. CAN nayo iliongeza chumvi kwenye udongo na kuchoma ncha, basi.

Matibabu yalikuwa ya bei ya chini kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilirudisha mutula kwenye ndoo ile ile na udongo mpya: sehemu tatu udongo mwekundu, moja mchanga wa mto, moja mboji. Nilikwepa ule udongo mweusi wa South B wenyewe, unaopasuka ukikauka na kuwa gundi ukilowa. Halafu nikashuka chini kwenye mtaro wa nyuma ya jengo, nikachuma vipande vinne vya mukengeria, nikapanda juu navyo, nikavichomeka kuzunguka mche.

Mwalimu alikuwa amesimama na kikombe cha chai. "Hilo si ndilo gugu ulilong'oa?"

"Ndilo, Mwalimu."

Akanywa kidogo. "Na nilikulipa."

Nilimrudishia 1,500 yake kwa simu pale pale, akakataa, nikatuma tena. Siku hiyo sikumdai kitu.

Mukengeria ulikuwa wa haraka tu, kwa kuwa hushika mizizi ndani ya wiki. Jirani wa kudumu nilimtaka awe kunde au mbaazi, mmea wa jamii ya maharagwe ambao hujitafutia naitrojeni yake hewani na kwa hiyo una cha kuibiwa. Nyumba ya Mkamba haikosi mbaazi. Mwalimu alileta kopo la jikoni, tukaloweka punje sita usiku kucha, tukazipanda umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina. Zote ziliota. Nikaacha mbili, moja kila upande. Nilichagua mbaazi badala ya kunde kwa sababu huishi miaka kadhaa na unaweza kuikata ikachipua, wakati kunde huisha msimu ukiisha, na kila jirani anapokufa mutula huanza upya kuunga mabomba.

Wiki tatu za kwanza hakuna kilichobadilika, na Mwalimu alikuwa akinitumia picha kila Ijumaa bila neno lolote, jambo ambalo ni gumu kuliko lawama. Katikati ya Septemba, wiki ya sita, chipukizi lilifunguka kwenye kikonyo cha tatu kutoka juu. Jani lake lilifika sentimita nne. Lilikuwa na kijani kile cha Aprili, limekolea, gumu kidogo ukilipapasa. Kufika mwisho wa Oktoba kulikuwa na majani mapya kumi na moja na tawi la pembeni. Majani ya zamani yaliyopauka hayakurudi, yalidondoka moja moja. Hilo ni la kawaida, usiyasikitikie.

Sasa, atakayesema kwamba ni jua ndilo lililouponya, kwa sababu baridi huisha Agosti na mawingu hufunguka, ana hoja, nami nilikuwa nayo kichwani. Desemba ikaniondolea. Mwalimu alienda Kibwezi kwa Krismasi. Mtunza jengo naye, mtu mwenye bidii, akaamua kusafisha paa kabla ya mwaka mpya. Alikuta ndoo ina mti wa miiba, mbaazi mbili za urefu wa mita moja na gugu limetanda. Alifanya hasa nilichofanya mimi Aprili, tena kwa panga. Mbaazi zilikatwa chini kabisa kwenye udongo, hazikuchipua. Mukengeria uling'olewa.

Nilipopita Januari 20, jua la Januari likiwaka kuliko wakati wote wa mwaka, udongo ule ule, maji yale yale ya mvua, majani ya juu yalikuwa yameanza kupauka na ncha za matawi mawili zimesimama. Ningeandaa jaribio mwenyewe nisingelipanga vizuri zaidi. Tulipanda mbaazi nyingine tatu na mukengeria, na katikati ya Machi mti ulikuwa umeanza tena. Mtunza jengo nilimwonyesha vile vivimbe kwa kuchimba kidogo pembeni. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mwizi." Tangu hapo yeye ndiye huufukuzia watoto wenye mpira.

Kuishi na jozi hii kuna ufundi wake. La kwanza ni kumwagilia kwa kumtazama jirani. Mimea ya tabia hii huacha majani yake yakitoa mvuke mwingi ili ivute maji ya mwenzake, kwa hiyo udongo ukikauka mbaazi ndiyo hunyong'onyea kwanza huku mutula umesimama wima kama hauhusiki. Mwalimu sasa hutazama mbaazi tu. Ikining'iniza majani saa nne asubuhi, anamwaga lita mbili. Mchana wa jua kali kila mbaazi hulegea kidogo, hiyo haihesabiki. La pili, mbaazi isiachwe itawale. Kila ikizidi urefu wa mutula maradufu tunaikata nusu, kwa makasi, na tunaacha majani ya kutosha. Ikiwa mbaazi yenyewe inaonekana imechoka kidogo, ya manjano kuliko zile za shambani, usiikimbizie mbolea. Ndiyo kazi yake. Kila miezi minne mitano tunachomeka punje mpya pembeni, ili anayekufa aache mrithi.

Mwalimu aliniuliza kama angeweza kuweka waridi lake ndani ya ndoo hiyo badala ya mbaazi, apate faida mbili. Nilimwambia mti huu hauchagui, utalinyonya waridi vile vile. Akaliondoa waridi mpaka upande wa pili wa paa, nadhani mbali kuliko ilivyohitajika.

Lilibaki swali la sebule. Alitaka mti ukae ndani tangu Aprili. Maoni yangu sikuyaficha: mutula si mti wa sebule, na hakuna kiasi cha mbaazi kitakachougeuza kuwa mti wa sebule, kwani mbaazi nayo ni ya jua na ndani itakufa kabla ya mutula. Tulikubaliana hivi. Kati ya Oktoba na Februari ndoo inakaa roshani, kwenye ukingo kabisa karibu na grili, wakati jua liko upande wa kusini. Machi inapanda paa. Kuna pia dirisha la ngazi linalotazama kaskazini, ambalo Juni na Julai hupata jua la mchana siku zenye jua, na jirani wa ghorofa ya nne ameruhusu ndoo isimame pale mvua ya mawe ikitisha. Wageni wakija, mti unaingia sebuleni kwa siku mbili, tatu zisipite. Wajukuu wameonywa kuhusu miiba na kuhusu kutafuna majani: ile harufu ya lozi ni ya sumu, hata kama tunda lililoiva ni la kuliwa.

Matunda sikumwahidi. Ndoo ya lita 20 ni ndogo kwa kichaka hiki, na mwakani nitauhamishia kwenye pipa lililokatwa nusu. Maua yake madogo meupe yenye harufu nzuri huenda tukayaona mapema zaidi, na juu kwenye paa nyuki wapo.

Wiki iliyopita mutula ulikuwa sentimita 58, matawi manne, miiba ya kutosha kunichana mkono. Jikoni kwa Mwalimu makopo ya mbaazi yamekuwa mawili. Moja ni la kupika. Lingine limebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "Za mutula. Asiguse mtu."